Nimlipie mama kiti cha bizinesi, au hela itaishia hewani?

Ndugu Mshauri, habari za kazi?

Mwezi wa kwanza, katikati ya mwezi, nitamsindikiza mama yangu Uingereza. Ana miaka 68. Magoti yanamsumbua, anatumia dawa za presha, na moja kati ya hizo ni kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, kwa hiyo chooni haishi kwenda. Mdogo wangu aliyeko Coventry amejifungua na mama kasema mjukuu lazima amwogeshe kwa mikono yake.

Tiketi nilishakata kwa wakala Kariakoo, daraja la kawaida, dola 1,050 kila mmoja, kwenda na kurudi kwa Emirates. Tunatoka Dar saa kumi na nusu jioni, tunafika Dubai saa tano usiku kwa saa za kule, tunasubiri saa tatu na nusu, tunaondoka saa nane na nusu usiku na kutua Heathrow saa kumi na mbili na robo asubuhi. Sasa kila nikifungua buking yetu kwenye simu naletewa bei ya kupanda daraja la bizinesi: dola 620 kwa mtu mmoja Dar–Dubai, na 980 Dubai–London. Kurudi ni bei hizohizo. Nikaangalia na tiketi mpya ya bizinesi kwa tarehe zilezile: dola 3,450 kwenda na kurudi.

Nina dola 2,000 za pembeni nilizodunduliza kwenye kikoba. Kaka zangu wanasema ni ufahari tu, na mama mwenyewe anasema kiti ni kiti. Je, nilipie? Kama ndiyo, kipande kipi cha safari? Wote wawili, au mama peke yake mimi nibaki nyuma?

Binti wa Kimara

Dada yangu, salamu zimefika, na hongera kwa kupata mpwa.

Nianze na jibu. Dar–Dubai usilipe hata senti. Dubai–London ndicho kipande chenye hoja, lakini dola 980 ni nyingi mno kwa kile utakachopewa. Bei ikishuka hadi 700 au chini ya hapo, lipieni wote wawili. Isiposhuka, kuna daraja la katikati ambalo hukulitaja, na kwa mama mwenye magoti mabovu huenda likamfaa kuliko hata kitanda cha bizinesi. Kumpandisha mama peke yake sikushauri, nitaeleza kwa nini.

Anayekata bizinesi tangu mwanzo ananunua mambo mengi kwa mkupuo: kitanda, launji (chumba cha kupumzikia uwanjani), foleni fupi, mzigo mkubwa zaidi, na uhuru wa kubadili tarehe. Anayepandishwa daraja baadaye kwa kipande kimoja cha safari hapati yote hayo. Masharti ya kubadili tarehe na kurudishiwa hela hubaki yale ya tiketi yako ya dola 1,050. Mzigo katika mashirika mengi hufuata tiketi ya awali. Launji hutegemea aina ya malipo, kwa hiyo uliza kabla ya kubonyeza. Kitu pekee chenye uhakika ni kiti chenyewe. Basi hesabu saa ambazo mama atalala kwenye kiti hicho, ugawe bei kwa saa hizo.

Dubai–London ni saa saba na dakika 45. Toa nusu saa ya kupaa. Toa saa moja na nusu ya mwisho, maana hapo taa huwashwa, kifungua kinywa hupita, kisha viti husimamishwa kwa ajili ya kutua. Zimebaki kama saa tano na dakika 45. Mkikubali chakula cha usiku wa manane, saa nzima na zaidi inakwenda kwenye trei, na usingizi unabaki saa nne na nusu. Kwa dola 980 hiyo ni zaidi ya dola 210 kwa saa moja ya kulala. Ndiyo maana wazoefu wa ndege za usiku hula uwanjani, wakiingia ndani wanamwambia mhudumu wasiamshwe, wanajifunika.

Dar–Dubai ni saa tano na nusu, na zote zinaangukia kati ya saa kumi na nusu jioni na saa nne usiku kwa saa za nyumbani. Huo ni muda ambao mama hata kwake Kimara hajalala. Utalipa 620 ili ale wali na kuangalia sinema akiwa amenyoosha miguu.

Tena kuna suala la ndege yenyewe. Emirates hutumia Boeing 777 kuja Dar, na 777 zake haziko sawa. Za mpangilio wa zamani zina bizinesi ya viti saba kwa safu, yaani viwili, vitatu, viwili. Wa dirishani akitaka kwenda chooni lazima amruke jirani, na wa katikati vivyo hivyo. Baadhi ya viti hivyo havilali bapa: vinalala kwa mteremko, mwili unateleza pole pole kuelekea miguuni na magoti ndiyo yanayozuia. Kuanzia 2024 shirika limekuwa likizikarabati, na zilizokarabatiwa zina viti vinne kwa safu, kila abiria na njia yake. Fungua ramani ya viti kabla ya kuamini picha ya tangazo. Ukihesabu saba kwa safu, hiyo ni ya zamani.

Kwenda Heathrow nyingi ni Airbus A380, ile ya ghorofa mbili, na bizinesi iko ghorofa ya juu: kimoja, viwili, kimoja. Hapo kitanda ni kitanda. Mama hatapanda ngazi, kwa sababu Dubai na Heathrow kuna njia ya kuingilia inayofika moja kwa moja ghorofa ya juu. Kwenye ramani utaona viti vimepangwa zigizaga. Safu moja kiti kimegusa dirisha na kimeza kiko upande wa njia, safu inayofuata ni kinyume chake. Mtu anayeamka mara kwa mara achukue kilichogusa njia, hata kama faragha ni ndogo. Jambo moja ambalo matangazo hayasemi: miguu huingia kwenye kishimo chini ya meza ya kiti cha mbele. Anayelala chali hana shida. Anayelala kiubavu na kukunja magoti, kama wafanyavyo wengi wenye maumivu, atahisi pamebana kuanzia ugokoni kwenda chini.

Turudi kwenye hela. Tiketi ya bizinesi ni 3,450, yako ni 1,050, tofauti ni 2,400 kwa vipande vinne. Safari nzima, ukijumlisha kwenda na kurudi, ni kama saa 26 angani. Kila saa ya bizinesi, kwa anayeinunua tangu mwanzo, inamgharimu dola 92 au 93 za ziada. Kipande cha saa saba na dakika 45 kingekuwa kama dola 720. Wewe unaombwa 980. Na ukivipandisha vyote vinne kwa bei unazoonyeshwa utalipa 3,200 juu ya tiketi, wakati kubadilisha tiketi nzima kungekugharimu 2,400 na faini ya mabadiliko. Watu wengi hawapigi hesabu hii kwa sababu bei huja vipande vipande, na kipande kimoja kimoja hakitishi. Anayetaka bizinesi mwanzo hadi mwisho asipandishe daraja, amwambie wakala atoe tiketi upya kwa kulipa tofauti ya nauli. Ila ukifika huko soma jina la nauli. Tangu 2019 Emirates inauza bizinesi ya bei ya chini isiyo na launji, na Qatar Airways ilifuata 2020 na yake.

Kwa hiyo kikomo chako ni 700. Bei hizi hazijasimama. Mfumo unaangalia viti vingapi vya bizinesi havijauzwa na siku ngapi zimebaki. Iangalie mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, kisha pale cheki-ini ya mtandaoni inapofunguliwa, saa 48 kabla ya kuondoka. Mwisho kabisa uliza kaunta pale Terminal 3 ya Julius Nyerere. Katikati ya Januari kuna nafasi ya bei kulegea. Wiki ya kwanza nisingekupa tumaini, kwani ndege za kuelekea Ulaya hujaa wanaorudi kutoka likizo. Ukiletewa barua pepe ya kuweka dau, yaani utaje mwenyewe bei uliyo tayari kulipa ili mpandishwe, kama wanavyofanya mashirika kadhaa, kumbuka dau ni kwa mtu mmoja na kwa kipande kimoja. Ukiandika 500 mkiwa wawili, kadi itakatwa 1,000. Likikubaliwa hakuna kurudi nyuma.

Kupandishwa bure kwa sababu umevaa vizuri au umempamba mama kwa kitenge kipya, sahau. Nafasi hizo hutoka pale daraja la kawaida limeuzwa kupita idadi ya viti, na huanza na wenye kadi za juu za uanachama.

Sasa, kwa nini si mama peke yake? Kwanza, mko kwenye buking moja, na mara nyingi ofa hulazimisha wote mlioko humo. Kumpandisha mmoja kunahitaji wakala aigawe iwe mbili. Zikishagawanywa, ndege ikichelewa na mkakosa ya kuunganisha, mfumo unaweza kumpangia mama ndege moja na wewe nyingine, isipokuwa wakala ameandika kwenye kila buking namba ya mwenzake. Pili, yeye atakuwa juu na wewe chini. Abiria wa daraja la kawaida haruhusiwi kupanda kumwangalia mgonjwa wake kila anapojisikia. Kiti kinaendeshwa kwa vitufe, maelezo ni kwa Kiingereza au Kiarabu, na hakuna uhakika wa mhudumu anayejua Kiswahili. Mama wa presha anayeamka gizani kutafuta choo, peke yake, ghorofa ya juu? Afadhali akae na wewe.

Ndipo linapoingia daraja la katikati. A380 nyingi za London zina ikonomi ya juu, mbele kabisa ghorofa ya chini, viti viwili, vinne, viwili. Nafasi kati ya kiti na kiti ni inchi 40, wakati daraja la kawaida ni kama inchi 32. Hizo inchi nane, sentimita 20 hivi, ndizo tofauti ya goti kugusa kiti cha mbele na kutogusa. Upana ni inchi 19 na nusu. Chini kuna egemeo la mashavu ya miguu na la nyayo, kwa hiyo miguu haining'inii. Chukueni viwili vya pembeni: wewe dirishani, mama njiani. Hatamruka mtu, na atakayemsumbua ni mwanawe. Halali bapa, lakini anaegemea vya kutosha. Bei yake huonekana palepale unapoonyeshwa ya bizinesi. Ikiwa chini ya theluthi moja ya 980, yaani dola 320 hivi, lipieni wawili. Mtatumia kama 640, na hela iliyobaki mtainunulia makoti ya baridi, maana Coventry mwezi wa kwanza haina masihara.

Kabla ya yote hayo, kesho asubuhi mpigie wakala umwombee mama kiti cha magurudumu. Ni bure katika madaraja yote na huombwa angalau saa 48 kabla. Mwambie wakala hali halisi, kwa sababu kuna alama tatu na kila moja huleta msaada tofauti. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ngazi hawezi. WCHC hawezi hata kujifikisha kwenye kiti. Kwa maelezo yako mama ni WCHR, au WCHS kama ngazi zinamshinda. Hakikisha alama hiyo imeandikwa kwenye vipande vyote vinne. Kosa la kawaida ni wakala kuiweka safari ya kwanza tu, mkafika Dubai hamna mtu mlangoni. Na Dubai ndiko inakohitajika hasa: Terminal 3 ni pana kupita kiasi, na kuhamia jengo la A, zinakoondokea A380 nyingi, huwa ni kwa treni. Anayesukuma kiti huruhusu msindikizaji mmoja, na Heathrow mtapitishwa uhamiaji pamoja. Dawa na pasipoti zikae kwenye kimkoba cha mama mwenyewe, si kwenye begi lako la juu. Magoti ya mama yataumia zaidi kwenye korido za viwanja kuliko kwenye kiti chochote utakachomlipia.

Kwa kipande cha Dar–Dubai chagua viti vya daraja la kawaida mapema. Mstari wa mlango wa dharura utakuvutia kwa nafasi yake, lakini aliyeomba kiti cha magurudumu hawekwi hapo, ni kanuni ya usalama. Mstari wa mbele ulio mkabala na ukuta una nafasi ya magoti, ila meza hutoka kwenye egemeo la mkono kwa hiyo kiti ni chembamba, begi lote linakwenda juu wakati wa kupaa na kutua, na ndipo vinapofungwa vitanda vya watoto wachanga. Mimi ningechukua kiti cha njiani, safu tatu au nne kutoka chooni. Karibu kuliko hapo, foleni itasimama begani mwake usiku kucha.

Kuhusu damu kuganda miguuni, najua wengi hulipia bizinesi kwa hofu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti: hatari kwa safari ya zaidi ya saa nne huongezeka kama mara mbili, lakini bado ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Kinacholeta shida ni kukaa bila kusogea, na mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa 2012 haukukuta ushahidi kwamba daraja la kawaida lenyewe ndilo chanzo. Mwongozo huo ulitaja kiti cha dirishani kama kihatarishi, kwa kuwa wa dirishani hainuki. Mama yako anayekwenda chooni kila mara tayari anafanya mazoezi yanayotakiwa. Mwongozo huohuo unakataza kunywa aspirini kwa ajili ya safari tu. Soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, za mbano wa milimita 15 hadi 30 za zebaki, zinasaidia walio katika hatari kubwa zaidi, na zisizomkaa sawasawa ni mbaya kuliko kutovaa. Daktari wake ndiye aamue kama anazihitaji, na amwambie pia kile kidonge cha maji akinywe saa ngapi siku ya safari. Asikiruke kwa uamuzi wake.

Ukiamua kulipa, mambo machache huharibika mara kwa mara. Kadi za benki zetu zina kikomo cha manunuzi ya mtandaoni kwa siku, kwa hiyo ongeza kabla ya zile saa 48, usije ukakwama bei ikiwa nzuri. Chakula maalumu, kama cha chumvi kidogo kwa mtu wa presha, kinaweza kufutika mnapobadilishwa daraja. Kiombe upya, si chini ya saa 24 kabla. Kiti mlicholipia kuchagua daraja la kawaida hakirudishiwi hela. Boding pasi za zamani hazifai tena. Na tunza ile hati ya malipo ya ziada inayokuja kwa barua pepe, yenye namba ya tarakimu 13 inayoanza na 176 kwa Emirates. Ndege ikibadilishwa ikaja yenye viti pungufu mkarudishwa nyuma, ndiyo utakayodaia hela yako. Bila hiyo kaunta wataona tiketi ya dola 1,050 na kukuuliza unadai nini.

Kurudi, kaeni daraja la kawaida. Uingereza hutoza kodi kila abiria anayepaa kutoka kwake, na kodi hiyo inaangalia daraja. Kwa viwango vya kuanzia Aprili 2026, anayekwenda Tanzania katika daraja la chini kabisa anabebeshwa pauni 102 ndani ya nauli, na anayekaa daraja lolote la juu yake, hata hiyo ikonomi ya juu, pauni 244. Ukipandisha daraja London–Dubai, tofauti ya pauni 142 kwa kila kichwa inakufuata. Wakati mwingine imo ndani ya bei unayoonyeshwa, wakati mwingine inaongezwa ukurasa wa mwisho wa malipo, kwa hiyo soma jumla ya chini kabla ya kuingiza namba za kadi.